Kompresa ya mtumba: kagua tangi kabla ya kulijaza upepo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimefungua kibanda cha kuziba pancha na kupiga rangi pikipiki na bajaji hapa Tabata, Dar es Salaam. Nimenunua kompresa ya mtumba ya lita 100 kule sokoni Gerezani. Imepakwa rangi mpya ya bluu, na muuzaji aliiwasha mbele yangu kwa dakika moja hivi, ikanguruma vizuri. Nilipoifikisha kibandani niliona mambo mawili. Kwa chini, karibu na mguu mmoja, kuna nundu ya kuchomelea ukubwa wa sarafu. Na juu, mahali ambapo rafiki yangu anasema pangekuwa na vali ya usalama, pamefungwa bolti. Muuzaji anasema vali ile ilikuwa inavujisha ndiyo maana wakaiziba. Mota ina maandishi ya Kijapani. Je, naweza kuitumia, na niikague vipi kabla ya kuanza kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako ni hapana. Usiijaze upepo kompresa hiyo hata mara moja, wala usiiwashe kwa kujaribu tu, kwa sababu mambo mawili uliyoyaona ni miongoni mwa mabaya kabisa yanayoweza kukutwa kwenye mashine ya aina hii, na kwako yamekutana kwenye mashine moja. Nundu ile inaonyesha kwamba huenda tangi limekwisha kutoboka kwa kutu na likazibwa. Bolti ile imekaa mahali pa vali inayopaswa kufunguka yenyewe presha ikizidi, kwa hiyo siku swichi inayozima mota tangi likijaa itakaposhindwa kazi, upepo hautakuwa na njia ya kutokea isipokuwa kulichana tangi. Hata hivyo fedha zako hazijapotea zote, maana pampu na baadhi ya vifaa vyake huenda ni vizima, na nitalirudia jambo hilo baadaye. Nitaanza na tangi na nitakaa nalo kwa muda mrefu, kwa kuwa makosa ya sehemu nyingine za kompresa mara nyingi humharibia mtu kazi, lakini kosa la tangi humuua mtu aliyesimama kando yake.

Tangi la lita 100 lililojazwa hadi bar 8 (bar ni kipimo cha presha), ambazo kwenye geji yako zitasomeka karibu psi 116, limebeba nishati ya takriban kilojuli 100, kiasi ambacho kingetosha kulinyanyua gari la tani moja hadi kimo cha mita kumi. Upepo unapotoka kidogokidogo kupitia mpira, nishati hiyo hujaza tairi na kurusha rangi. Tangi linapochanika, nishati yote hutoka kwa mkupuo, bati hugeuka mapande yenye makali, na mara nyingine tangi zima huruka kutoka mahali pake. Kibanda chako kina mabati na mbao, na waendesha bodaboda hukaa humo kusubiri zamu yao. Hakuna ukuta utakaowakinga.

Kinachoharibu matangi hapa kwetu ni maji, na maji hayo huingia pamoja na hewa. Hewa ya Dar es Salaam ni yenye unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Katika joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji. Pampu inapoibana hewa hiyo hadi bar 8 na ikapoa ndani ya tangi, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu tatu au nne, kwa hiyo gramu 20 hivi hubaki chini kama maji. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika, ikifanya kazi kwa jumla ya saa tatu kwa siku, huvuta mita za ujazo 36 na kuacha zaidi ya nusu lita ya maji ndani ya tangi. Mwenye mashine asipofungua koki ya chini, ile ya kumwagia maji, kila jioni, maji hayo hulala palepale mwaka baada ya mwaka, na kutu hula bati kutoka ndani huku nje pakiwa pazuri. Ndiyo maana rangi mpya kwenye tangi kuukuu hainifurahishi kamwe. Huificha sehemu ileile ambayo mnunuzi angepaswa kuiona.

Sasa tuiangalie nundu. Watu wengi hudhani kwamba tundu likichomelewa tatizo limekwisha, kama pancha iliyozibwa. Kutu haitoboi tundu moja na kuliacha bati la pembeni likiwa zima. Tundu ni mahali palipotangulia tu, na kulizunguka bati limekwisha kuwa jembamba. Chukua tangi lenye kipenyo cha sentimita 40 na bati la milimita 3: kwenye bar 8 bati hilo hubeba mkazo wa megapaskali 53 hivi, wakati chuma laini cha kawaida huanza kuvutika bila kurudi katika umbo lake kikifika karibu 250, kwa hiyo kuna nafasi nzuri ya usalama. Kutu ikilila hadi ikabaki milimita 1, mkazo hupanda kufikia 160, na kwenye vishimo vya kutu au kando ya mshono huzidi hapo. Juu ya udhaifu huo, mchomeleaji ameongeza joto lililobadilisha chuma pembeni mwa nundu, na ameweka kipande kinene na kigumu juu ya bati laini na jembamba. Kompresa ya kibanda cha pancha hujaa na kupungua mara nyingi kwa siku, na kila mara tangi hutanuka kidogo na kunywea, na mpaka wa nundu ndio unaoumia. Ufa ukianzia hapo hauonekani mpaka siku unapofunguka. Kwa hiyo tangi lako, hata bila kulipima, mimi ninalikataa.

Ukipata tangi jingine, au ukitaka kumsaidia jirani kukagua la kwake, anza kazi yote pasipo upepo. Hakikisha plagi imetolewa kwenye soketi, kisha fungua koki ya chini na uiache wazi. Usiridhike na geji kusoma sifuri, kwa sababu geji mbovu husoma sifuri hata tangi likiwa limejaa. Ushahidi ni koki iliyo wazi, isiyoziba na isiyotoa chochote tena. Koki ikiwa imeziba kwa kutu, toa upepo kupitia mpira wa kazi kwanza, na usithubutu kulegeza plagi kubwa ya nyuzi, yaani kizibo cha chuma cha tangi, kwa spana mpaka umehakikisha kwamba hakuna kilichobaki ndani.

Yatazame maji yatakayotoka kwa kuyakinga kwenye beseni jeupe. Maji yaliyo karibu kuwa safi, au yenye weupe kidogo wa oili, hayatishi sana. Maji ya rangi ya chai iliyokolea yanaonyesha kutu inayoendelea. Yakitoka na magamba meusi au mekundu unayoweza kuyaokota kwa vidole, basi bati limekwisha kubanduka kwa matabaka. Nakumbuka tangi moja ambalo mwenyewe alisema hulimwaga maji kila wiki. Tulipoling'oa koki, ambayo ilikuwa imeziba miaka mingi, tulipata ndoo nzima ya maji mazito na tope la kutu lililoshikana kama udongo wa mfinyanzi. Hakuwa mwongo yule mzee, kwani alikuwa akifungua koki kila Jumamosi na kuona hakitoki kitu, akadhani hakuna maji.

Baada ya maji, angalia ndani. Ng'oa koki au plagi iliyo kubwa kuliko zote na uingize kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Kifaa hicho si cha bei kubwa, na ukikosa chako mwenzako anaweza kukuazima. Vumbi jepesi la rangi ya machungwa juu ya bati laini linavumilika. Vishimo, magamba yaliyojikunja na mistari ya kutu kando ya mishono havivumiliki. Kisha geukia nje: chukua brashi ya waya na uondoe rangi chini ya tangi, kuzunguka miguu, kuzunguka koki na kwenye mishono yote, mpaka chuma kionekane. Miguu inahitaji jicho la pekee kwa sababu mtikisiko wa mota huishia hapo, na nyufa nyembamba kama unywele huanzia mahali mguu ulipochomelewa kwenye bati. Gongagonga kwa nyundo ndogo, tangi likiwa tupu kabisa, ukifuata mstari wa chini. Bati zima hutoa mlio mkali, na lililoliwa hutoa mlio wa kufa. Njia hiyo ya nyundo ni ya kutafuta ubaya tu. Mlio mzuri hauthibitishi uzima, na anayetaka uhakika wa unene hutumia kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosoma milimita kutoka nje.

Usisahau kibati cha mtengenezaji. Kinapaswa kuonyesha presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, ujazo, mwaka na namba ya tangi. Kwenye matangi mengi ya Ulaya presha hiyo huandikwa mbele ya herufi PS na ujazo mbele ya herufi V. Tangi lisilo na kibati halina kipimo ambacho mtu anaweza kukitegemea, na ushauri wangu ni kutolinunua. Halikadhalika mtungi wa gesi ya kupikia uliogeuzwa kuwa tangi la kompresa, au pipa lililokunjwa na kuchomelewa mtaani, visikaribie kibanda chako.

Tangi likipita yote hayo, lijaribiwe kwa maji. Wengi huuruka mtihani huu, nami nakuomba usiuruke, kwa maana ndio unaoweza kulipasua tangi bovu bila kumjeruhi mtu. Maji hayabaniki kama hewa, kwa hiyo tangi lililojaa maji likitoboka hutoa mchirizi na presha hushuka papo hapo. Ng'oa pampu, swichi na geji, ziba matundu yote isipokuwa la juu kabisa, jaza maji mpaka yafurike na pasibaki povu la hewa popote, kisha unganisha pampu ya mkono ambayo mafundi bomba huitumia kupimia mabomba mapya, pamoja na geji unayoiamini. Pandisha polepole hadi mara moja na nusu ya presha utakayofanyia kazi, yaani bar 12 kwa kazi ya bar 8, lakini usizidi presha ya majaribio iliyoandikwa kwenye kibati kama ipo. Acha kwa nusu saa. Sindano ya geji isishuke, pasiwe na jasho kwenye mshono wowote, na umbo la tangi lisibadilike. Likitoa hata tone moja kupitia bati, safari yake imeishia hapo. Mtihani wa namna hii usifanywe kwa upepo kwa hali yoyote, hata na fundi mwenye uzoefu. Likifaulu, limwage, likauke kabisa, na andika tarehe juu yake kwa rangi, kwa sababu kufaulu leo hakusemi lolote kuhusu hali yake baada ya masika mbili.

Kuhusu bolti iliyowekwa mahali pa vali ya usalama, maelezo ya muuzaji huenda ni ya kweli, na hayo hayaondoi ubaya wake. Vali inayovujisha hubadilishwa. Haikazwi springi, haigongwi nyundo, wala haizibwi. Nunua mpya iliyopigwa chapa ya presha ya kufungukia, na presha hiyo isizidi ile ya juu kabisa ya tangi. Kwa tangi la bar 10 na swichi inayozima kwenye bar 8, vali ya bar 9 inafaa. Hakikisha inaweza kutoa upepo mwingi kuliko pampu inavyoingiza, na pasiwekwe koki yoyote kati yake na tangi, kwa sababu koki hiyo siku moja itafungwa na mtu asiyejua. Baada ya kuifunga, vuta pete yake mara moja kila wiki tangi likiwa na upepo, huku umevaa miwani na uso ukiwa pembeni. Ifoke kwa nguvu na irudi kujifunga yenyewe.

Swichi ya presha nayo isiaminiwe kwa maneno. Siku ya kwanza ya kuwasha, kaa na mkono karibu na swichi kuu, tazama sindano ikipanda, na ikipita namba ya kuzimia hata kwa bar moja, zima wewe mwenyewe. Mota inapozima unapaswa kusikia mfoko mfupi wa upepo unaotoka kwenye bomba linalounganisha pampu na tangi; usipousikia, mota itakayowaka tena italazimika kusukuma pampu iliyobanwa, itanguruma bila kuzunguka na kuungua. Mfoko ukiendelea bila kukoma, vali inayozuia upepo wa tangi kurudi kwenye pampu ndiyo imechoka. Geji ilinganishwe na geji nyingine kabla ya kazi yoyote, maana hukumu zote nilizozitaja zinaitegemea.

Nije kwenye mota yako ya Kijapani, ambayo inahitaji fundi umeme kabla haijachomekwa tena. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na mashine za karakana zao huwa za volti 200 za fezi tatu. Umeme wa kawaida kibandani kwako ni volti 230 wa fezi moja na mzunguko wa hezi 50. Soma namba kwenye kibati cha mota. Ikiwa ni ya volti 100, itaungua ukiichomeka moja kwa moja. Ikiwa ni ya fezi tatu, haitaanza yenyewe kwenye fezi moja, na kuungua ni suala la muda. Kwa kuwa uliiona ikiwaka pale sokoni, uliza iliwashwa kwa umeme gani, maana muuzaji anaweza kuwa na transfoma chini ya meza. Kubadilisha mota si jambo la kuogopa: chagua ya volti 230 yenye nguvu ileile, na ukubwa wa puli uchaguliwe ili pampu isizunguke kwa kasi kuliko ilivyoandikwa kwenye kibati chake. Waya wa ethi uunganishwe kwenye mwili wa mashine na ufike ardhini kweli, kwani sakafu ya kibanda cha pancha haikauki. Epuka waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia. Hushusha volti, na mota hushindwa kuanza. Mkanda unaozungusha pampu uwe na kinga ya wavu mbele na nyuma kabla mtoto au mwenye khanga hajapita karibu yake.

Upepo uingie mwisho, baada ya yote hayo. Jaza hadi bar 2, zima, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, kisha bar 4, kisha 6, na hatimaye 8, ukisimama pembeni na mbali na vichwa viwili vya tangi. Pima kwa saa: tangi la lita 100 kutoka sifuri hadi bar 8 huhitaji lita 800 za hewa ya kawaida, kwa hiyo pampu inayotoa kweli lita 200 kwa dakika italijaza kwa dakika nne. Ikichukua nane, ringi au vali za ndani zimechakaa, pampu itapata joto kupita kiasi, na oili iliyoungua itaacha masizi kwenye bomba la kutolea, masizi ambayo yanaweza kushika moto. Mabomba ya plastiki ya maji yasitumike kusambazia upepo kwa sababu hupasuka vipandevipande. Tumia chuma au mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa unapiga rangi, kompresa ikae mbali na mahali unaporushia rangi, tena iwe kwenye upande ambao upepo wa nje unatokea. Mvuke wa tina ya kuyeyushia rangi ukiifikia swichi inayotoa cheche, moto utaanzia hapo. Na usimruhusu kijana wako kujipulizia vumbi nguoni au mwilini. Upepo huo unaweza kupenya kwenye ngozi iliyo na jeraha au kuharibu jicho na sikio.

Ukiwa na eneo la kazi lenye wafanyakazi, OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wanaosimamia Sheria ya mwaka 2003 inayohusu mambo haya, na wakaguzi wao hukagua vyombo vya presha. Usiwaone kama wanaokuja kukufungia. Nenda uwaulize utaratibu kabla hujaanza.

Mwisho, kuhusu fedha zako. Rudi Gerezani kwa utulivu, mwonyeshe muuzaji nundu na bolti, na umwombe akurudishie sehemu ya bei, nawe ubaki na mashine. Pampu ikiwa inazunguka kwa mkono bila kukwama na oili yake haina vipande vya chuma, itakufaa juu ya tangi jingine lenye kibati. Sipendi umrudishie tangi lenyewe, kwa sababu atalipaka rangi nyingine na kumuuzia kijana mwingine ambaye hatachungulia chini. Likiwa tupu na koki zake zimeng'olewa, peleka kwa fundi alikate katikati kwa gurudumu la kukatia vyuma, ndipo uliuze kama chuma chakavu.